Waanze kwa kuchora

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kata, upande wa Muheza. Shule ilipopata kompyuta za msaada, somo la kompyuta liliniangukia kwa sababu ile ile inayotumika shule nyingi: aliyeonekana anajua kuziwasha ndiye akafanywa mwalimu wake. Silalamiki, nimeshalipenda. Ninachogombana nacho ni namna tunavyolianza.

Mtoto wa kidato cha kwanza anakaa mbele ya kompyuta akiwa na hamu ya kuigusa, halafu anafungua daftari na kunakili. Kompyuta ni nini. Vizazi vya kompyuta ni vingapi. Taja sifa tano za kompyuta. Majuma yanapita. Tukifika hatimaye kwenye kuandika programu, ya kwanza inaandika salamu kwenye skrini na ya pili inajumlisha namba mbili. Namba mbili! Mtoto ambaye kila jioni anamwona mama yake akipiga hesabu za genge kwa simu ya kitochi, tunamtaka ashangae kwamba mashine ya laki kadhaa imejua 5 na 7 ni 12. Hashangai. Anauliza kipindi kinaisha saa ngapi.

Nasema hivi: programu ya kwanza anayoandika mtoto iwe ya kuchora. Ya pili nayo ichore, na ya kumi. Salamu na jumla zitakuja, tena zitakuja zikiwa na kazi ya kufanya.

Chombo kipo na hakina bei. Lugha ya Python ni ya bure. Kwa kompyuta ya Windows unapakua faili moja la megabaiti 30 hivi, unalitia kwenye flashi, unalisambaza chumba kizima bila kuhitaji intaneti tena. Ndani yake imo maktaba ndogo ya kuchorea iitwayo turtle, na sisi darasani tunamwita Kobe. Ukimwita linafunguka dirisha jeupe, na katikati yake kuna kichwa cha mshale. Huyo ndiye Kobe, na ana kalamu. Ukiandika forward(100) anakwenda mbele hatua 100 akiacha mstari nyuma yake. Ukiandika right(90) anageuka kulia nyuzi 90. Rudia mara 4, una mraba. Somo zima la siku ya kwanza ni hilo, na kengele ikilia hawatoki.

Amri ni za Kiingereza, lakini Python haina ubishi. Nimeandika faili fupi lenye mistari kama mbele = turtle.forward, kulia = turtle.right, inua = turtle.penup. Wanafunzi wakiliita faili hilo wanaandika mbele(100) na kulia(90), na mashine inatii. Baada ya muda wengi wanahamia wenyewe kwenye amri za asili, maana wanataka kusoma mifano iliyoandikwa na watu wa mbali. Sawa, wahame. Wanahama wakiwa tayari wanajua wanachokifanya.

Kwa walimu watakaojaribu, mambo mawili ya fundi. Kompyuta yenye Linux huenda ikagoma kwa sababu kipande kinachofungua madirisha, Tkinter, mara nyingi husakinishwa peke yake. Kikagueni kabla ya kipindi. Na kuna mtego unaonasa kila darasa: mwanafunzi anaihifadhi kazi yake kwa jina turtle.py, kisha programu inakataa kata kata, kwa kuwa Python ikienda kuitafuta maktaba ya Kobe inakutana kwanza na faili la mtoto mwenyewe. Onyo lake nimeliandika ubaoni kwa chaki nyekundu, na kila mwaka yupo anayelipita.

Kobe huyu ni mzee kuliko walimu wengi wanaomdharau. Chimbuko lake ni lugha ya Logo, iliyotengenezwa mwaka 1967 huko Cambridge, Massachusetts, na Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akawa mwanahisabati, akafanya kazi Geneva na Jean Piaget aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, kisha akahamia MIT. Kobe wa kwanza hakuwa wa kwenye skrini. Alikuwa roboti mdogo wa magurudumu, mwenye kalamu, aliyetambaa juu ya karatasi sakafuni. Katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980 Papert alieleza kwamba mtoto anamwelewa Kobe kwa sababu anaweza kujifanya yeye ni Kobe: anajua kwenda mbele, anajua kugeuka, na jiometri inamwingia kwa miguu.

Sisi tunaichukua kauli hiyo kama ilivyo. Umeme ukikatika, na hukatika, tunatoka uwanjani. Mmoja anafumba macho na kuwa Kobe, mwingine anasoma amri kutoka kwenye daftari, wa tatu anamfuata akichora njia yake mchangani kwa kijiti. Msomaji akisema kulia mahali pa kushoto, Kobe anaishia kwenye maua ya mkuu wa shule.

Baada ya mraba nawapa pembetatu yenye pande sawa. Wote wanajua, tangu shule ya msingi, kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60. Kwa hiyo karibu wote wanaandika: mbele 100, kulia 60, mara 3. Kinachotokea ni nusu ya pembesita iliyoachama. Darasa linalipuka. Kompyuta mbovu, Kobe amelewa. Ninakaa kimya, na kukaa kimya ni kazi ngumu kwa mwalimu. Mwishowe anapatikana wa kusimama na kuitembea pembetatu sakafuni. Akifika kwenye kona anajikuta hawezi kugeuka nyuzi 60 tu; ili ashike upande wa pili inabidi ageuke sana, nusura atazame alikotoka. Anageuka 120. Ile 60 ya kwenye vitabu ni pembe ya ndani, na Kobe anayetembea ukingoni anageuka kwa pembe ya nje.

Kuanzia hapo sina haja ya kuhubiri kwamba pembe za nje za umbo lililofunga bila kujikata hujumlika kuwa 360. Ukizunguka shamba ukarudi ulipoanza, ukitazama kule kule ulikokuwa ukitazama, umegeuka mzunguko mmoja. 360 gawa kwa 3, gawa kwa 5, gawa kwa 8, na maumbo yanakuja yenyewe. Kisha anatokea mchokozi mmoja anayejaribu nyuzi 144 mara 5 na kupata nyota. Wenzake wanadai amedanganya, maana 144 mara 5 ni 720. Hajadanganya. Kobe wake amezunguka mara mbili ndipo akafika nyumbani.

Programu ya kujumlisha ikikosea inatoa namba, na namba ya uongo ina sura ile ile ya namba ya kweli. Mtoto hana namna ya kujua mpaka mwalimu apite na kalamu nyekundu. Mchoro uliokosewa unaonekana umekosewa toka mlangoni. Anayeona ni mtoto mwenyewe, na kwa sababu ameona mwenyewe anarudi kuutengeneza bila kusukumwa. Katika darasa la wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, chombo kinachomsahihisha mtoto bila kumfedhehesha si anasa. Mimi peke yangu siwezi kufika kwenye kila dawati.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni bendera ya taifa. Wanaiona kila asubuhi wakiwa mstarini, kwa hiyo hakuna wa kusema hajui inavyoonekana. Urefu na upana wake ni 3 kwa 2. Tunachukua 300 kwa 200. Kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini upande wa mbali, na kati yao ukanda mweusi wenye kingo za njano, unaopanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili. Inasikika rahisi.

Wengi wanamgeuza Kobe nyuzi 45, kwa kuwa vichwani mwao mshazari wowote ni 45. Kobe anapanda na kutokea juu ya bendera akiwa amefika theluthi mbili tu ya urefu wake. Wanajaribu 40, wanajaribu 30, anapita chini ya kona. Wanaanza kupapasa: 35, 33, 34. Hapo ndipo nauliza kama kuna anayekumbuka tanjenti. Kupanda 200, kwenda 300. Pembe ni nyuzi 33.7 hivi. Na aende hatua ngapi? Pythagoras anajibu: mraba wa 300 na mraba wa 200 ni 130,000, kipeuo chake karibu 361. Nimewaona vijana waliokuwa wakisinzia kwenye pembetatu za ubaoni wakigombania jedwali la tanjenti kama nauli ya basi la mwisho.

Bado mambo hayajaisha. Ukanda una unene. Ukimpa Kobe kalamu nene na kumpandisha kwenye mshazari, ncha za ukanda zinachungulia nje ya kona za bendera. Ukitaka ukae ndani, lazima utambue kwamba umbo la ukanda ule ni pembesita: kona mbili za bendera zenyewe, na nukta nne ambako kingo za ukanda zinakutana na mipaka ya bendera. Tuseme nusu ya unene wake ni 30. Kwenye mpaka wa kusimama ukingo unakata kwenye 36, kwenye mpaka wa kulala unakata kwenye 54. Niliwaachia wenyewe kugundua kwamba 36 kwa 54 ni 2 kwa 3 tena. Waliogundua waliona jambo ambalo somo la pembetatu zinazofanana hutumia sura nzima kulieleza.

Binti mmoja wa kidato cha pili hakupiga hesabu hiyo kabisa. Aliuacha ukanda utokeze, kisha akachora mistatili minne mieupe kuizunguka bendera, ikafunika kilichozidi. Wenzake walimshitaki kwangu. Nilimpa alama zote. Kwenye skrini kilichochorwa mwisho ndicho kinachokaa juu, na yeye alikuwa ameuelewa utaratibu huo kuliko wale waliopaka nyeusi kabla ya njano na kushangaa nyeusi imekwenda wapi. Wiki iliyofuata nilitaka mandhari yote iwe ya buluu ya anga, ndipo akarudi mwenyewe kwenye zile nukta nne. Kubadili rangi ya mistatili aliona ni ujanja uliochakaa. Na wale wanaodhani bendera ya Kenya ni rahisi kwa vile mistari yake imelala, wangojee wafike kwenye ngao.

Kutoka bendera tunaingia kwenye khanga, na hapa nakiri upendeleo, maana nimekulia kwenye duka la khanga. Kila mtu anajua ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Hakuna mwanafunzi anayetaka kuandika upya ua la pindo kila linapojirudia, kwa hiyo anajifunza kukipa kipande cha programu jina, akiite ua, kisha akiite mara nyingi atakavyo. Hicho ndicho kiini cha uandishi wa programu, na silazimiki kukieleza. Uvivu wao unakieleza.

Kisha pindo linagoma kwenye kona. Tunatumia vipimo vinavyokaribiana na vya khanga halisi, 150 kwa 110. Aliyechagua ua la upana wa 12 anafika mwisho wa upande mrefu akiwa na nusu ua mkononi. Wa 15 anapona kwenye 150 na kuumbuka kwenye 110. Wa 10 anazunguka pande zote nne bila kubakiza. Kigawo kikubwa cha shirika, walichokikariri shule ya msingi na kukisahau njiani, kinarudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii kuna anayekihitaji. Jina la khanga ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote, si kwa sababu ya programu. Wanabishana. Mengine nayakataa, kwani wazazi watakuja kuona kazi hizi siku ya mahafali.

Kuna mengine yanayojitokeza pembeni na siwezi kuyapita yote. Mshazari wa bendera ukiusogelea kwa jicho una ngazi ngazi, kwa sababu skrini ni jamvi la nukta za mraba na hakuna nukta inayokaa kiupande. Nani anachagua nukta zipi ziwake? Jack Bresenham wa IBM alibuni mwaka 1962 njia ya kuchagua kwa kutumia namba kamili tu, bila desimali, alipokuwa akiishughulikia mashine ya kuchorea iliyounganishwa na kompyuta ya wakati ule. Duara la Kobe nalo ukilichunguza ni umbo la pande nyingi. Rangi ndiyo inayowashangaza zaidi: nyekundu na kijani zikichanganywa kwenye skrini zinatoa njano, jambo ambalo fundi rangi yeyote mjini atakubishia, naye kwa rangi zake za kopo ana haki. Huku tunachanganya mwanga. Kila moja ya rangi tatu ina ngazi kuanzia 0 hadi 255, jumla ya michanganyiko 16,777,216. Mwalimu wa fizikia alikuja kuazima kipindi changu kwa ajili hiyo, sikumpa.

Naambiwa kuchora ni utoto, kwamba ulimwengu umeshafika kwenye akili mnemba na huko ndiko kwenye ajira. Wanaosema hivyo wajaribu kuiomba hiyo akili mnemba bendera yetu. Mara nyingine italeta nzuri, mara nyingine ukanda umeelekea upande usio wake. Mtoto aliyewahi kuipigia hesabu bendera ataona mara moja kilichokosewa na atajua aguse wapi. Asiyewahi atapokea na kushukuru. Na vitu anavyovitumia kila siku kwenye simu, ramani, michezo, vitufe vya kutumia pesa, vyote ni mistatili na nukta zilizopangwa kwa x na y, cha mwisho kikiwa juu. Maktaba nyingine za kuchorea, kama Pygame, zinaanza kuhesabu kutoka kona ya juu kushoto, na y inakua kwenda chini, kwa kufuata njia ya mwali wa televisheni za zamani uliosoma kioo kutoka juu. Kobe anaanzia katikati na y yake inapanda, sawa na grafu za daftari. Ndiyo maana namtanguliza yeye.

Wapo wenye hoja ya kweli kuliko hiyo, nao ni walimu wenzangu. Wanasema: mwalimu, mtihani hauulizi hayo. Unauliza vizazi vya kompyuta. Nikiwapa wiki sita za Kobe, nani atanisaidia matokeo yakitoka? Sina la kuwalaumu. Mwalimu anapimwa kwa matokeo, na atafundisha kinachopimwa. Kwa hiyo maneno yangu hayaendi kwao, yanakwenda kwa watunga mitaala na watunga mitihani. Wekeni swali moja la mchoro, moja tu, katika karatasi ya somo la kompyuta, na lingine katika ya hisabati. Halihitaji kompyuta kwenye chumba cha mtihani. Mwanafunzi aliyemzoea Kobe anaweza kumwendesha kwa penseli. Mwaka unaofuata kila shule yenye kompyuta tatu zinazowaka itakuwa inachora.

Wakisema maswali ya namna hiyo ni magumu kutunga, ninalo moja tayari, walichukue bure:

Kobe anakwenda mbele hatua 100 kisha anageuka kulia nyuzi 80. Anarudia hivyo mara 9. (a) Je, amerudi alipoanza? Eleza kwa nini. (b) Amezunguka mizunguko kamili mingapi? (c) Kwa kubadili namba moja tu katika maelezo hayo, mfanye Kobe achore nyota ya ncha 5. (Alama 10)

Majibu siyaandiki hapa. Wazazi mnaosoma gazeti hili, muulizeni aliye kidato cha pili nyumbani kwenu, na mwacheni atembee sebuleni akihitaji.